Chupa inanukia waridi, mdomoni ni kavu: je, imeharibika?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhudumu wa vinywaji katika hoteli moja Zanzibar, ila kwetu ni Hombolo, Dodoma. Juzi mgeni aliagiza Gewürztraminer, mvinyo mweupe, ya Alsace, Ufaransa. Aliponusa alitabasamu, akasema inanukia waridi na asali. Alipoonja akakunja uso: kavu, yaani haina utamu, tena ina uchungu kwa nyuma. Akairudisha, akasema ama imeharibika ama wametia manukato. Msimamizi akaamua chupa ilipwe kwenye mshahara wangu. Naomba kujua: kweli huwa wanatia marashi? Nitatofautishaje chupa iliyoharibika na ambayo ndivyo ilivyo? Na mama ana eka moja ya zabibu nyumbani. Aina hii ingefaa kwetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokuuma zaidi. Hakuna marashi yaliyotiwa, na kwa jinsi ulivyoieleza, chupa ile ilikuwa nzima. Mgeni wako alinusa utamu, ulimi ukajiandaa kuupokea, ukakuta kitu kingine. Hilo huwapata wengi wanapokutana na Gewürztraminer kwa mara ya kwanza, hata wanywaji wa miaka mingi, na mhudumu ambaye hakufundishwa hana namna ya kujitetea. Kumkata mtu mshahara kwa chupa isiyo na kasoro ni kumwonea. Nakuandikia kwa urefu ili siku nyingine uwe na la kusema mezani, na ofisini pia.

Kuhusu marashi, sheria iko wazi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kinachoitwa mvinyo ni lazima kitokane na zabibu mbichi zilizochachuka, basi. Ukitia harufu au ladha ya kitu kingine, kinywaji hicho kinahamia kundi jingine kisheria, pamoja na vermouth, yaani mvinyo uliotiwa mimea yenye harufu, na lebo lazima iseme hivyo. Chupa iliyoandikwa Alsace hairuhusiwi kuwa na tone la manukato. Harufu yote iliyojaa pale mezani ilitoka kwenye zabibu yenyewe, hasa kwenye ganda lake.

Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Utamu hupimwa na ulimi. Waridi, asali na matunda hupimwa na pua. Ukitaka kulihakikisha hilo, Zanzibar hutakosa maji ya mawaridi. Tia matone machache kwenye kijiko cha maji, nusa, kisha onja. Pua itakuambia halua, ulimi utakuambia maji yenye uchungu kidogo. Sisi tumezoea kukutana na harufu hizo ndani ya vitu vyenye sukari, kwa hiyo zinapotangulia tunaona kama tumeahidiwa sukari. Gewürztraminer ina harufu ya namna hiyo kuliko karibu zabibu zote za mvinyo mweupe, na mara nyingi sukari yake imeshaliwa yote na hamira ikageuka kilevi.

Ukiiona zabibu yenyewe shambani, jambo la kwanza litakalokushangaza ni rangi. Tunaihesabu kwenye mvinyo mweupe, lakini punje zake si za kijani. Zikianza kuiva hugeuka pinki, na karibu na mavuno huwa kati ya pinki na kahawia, zimepakwa ule unga mweupe ambao ukiugusa kwa kidole unaacha alama. Vichala ni vidogo, kimoja kinaenea kiganjani, na punje zake ndogo zimebanana. Chukua punje moja uiminye: maji yake hayana rangi. Yameze, kisha tafuna ganda peke yake, polepole. Kwanza unapata ukakasi, maana ganda ni nene na linakausha fizi. Endelea kutafuna, na waridi linapanda nyuma ya pua. Uzuri na uchungu wa mvinyo huu vimekaa katika ganda hilo hilo, na mtengenezaji hawezi kuchukua kimoja akakiacha kingine chote. Malalamiko ya mgeni wako yanaanzia hapo.

Harufu hiyo ni kazi ya kundi la kemikali ziitwazo terpini. Zabibu nyingi zinazo kwa kiasi ambacho pua haikipati. Gewürztraminer inazo kwa wingi: geranioli na sitroneloli, ambazo zimo pia katika ua la waridi, linaloli, ambayo ndiyo inayotawala mbegu za giligilani mnazosaga jikoni, na zaidi ya zote oksaidi ya waridi, ambayo chembe tu inatosha kujaza glasi. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha ulinganisho wa mvinyo huu na tunda la lichi. Walikuta viambata kadhaa vya harufu vinavyopatikana kwa vyote viwili, na oksaidi ya waridi ilikuwa miongoni mwa vile vyenye nguvu zaidi. Kwa hiyo anayesema Gewürztraminer inanukia lichi hajipambi kwa maneno. Lichi huenda hukutani nalo kila siku, lakini shokishoki, ambayo ni ya ukoo mmoja nalo, unaijua vizuri. Harufu yake ni ya upole zaidi, ila iko upande huo huo. Menya moja iliyoiva, inuse kabla hujaila, utakuwa umekaribia.

Sehemu kubwa ya terpini hizo, zikiwa bado ndani ya punje, zimefungamana na sukari, na zikiwa hivyo hazinukii kabisa. Hufunguliwa kidogo kidogo na vimeng'enya, na hamira wakati wa kuchachuka, na asidi ya mvinyo wenyewe chupa ikiwa imelala ghalani. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huuacha mchuzi wa zabibu ukae na maganda kwa saa kadhaa kabla ya kukamua, wakitafuta harufu zaidi. Saa hizo zinataka mtu anayeonja bila kuchoka, kwa sababu kinacholeta waridi kinaleta na uchungu nyuma yake. Akikamua kwa pupa, au akizidisha muda, unapata mvinyo wenye pua nzuri na mdomo mgumu. Akiwa mwoga kupita kiasi, unapata mvinyo mwepesi kama maji, usio na sura. Mimi binafsi nauheshimu uchungu mdogo katika Gewürztraminer kavu. Bila huo mvinyo unalegea, kwa sababu asidi yake ni ndogo na hakuna kingine cha kuusimamisha.

Aina hii haikubuniwa na mtu. Asili yake ni zabibu ya kale iitwayo Traminer, ambayo Wafaransa wa mkoa wa Jura huiita Savagnin. Jina la Traminer linatokana na kijiji cha Tramin, kwenye bonde la mto Adige kusini mwa milima ya Alps, eneo lililokuwa chini ya Austria hadi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na sasa liko Italia, ingawa wakazi wengi bado huzungumza Kijerumani. Traminer ya asili ina punje za kijani-njano na harufu ya kiasi. Wakati fulani ilibadilika ikazaa punje za pinki. Kisha ndani ya hizo za pinki likatokea badiliko jingine, safari hii katika jeni inayoongoza utengenezaji wa terpini, na harufu ikafumuka. Zabibu za Muscat nazo zilipata harufu yao kwa badiliko katika jeni ile ile, ila katika sehemu yake nyingine. Mzabibu, kama unavyojua kwa mama, haupandwi kwa mbegu bali kwa vipandikizi, kwa hiyo kila shina la Gewürztraminer duniani ni muendelezo wa tawi ambalo mkulima mmoja alilinusa, akalipenda, akalikata na kulipanda.

Na ukoo huu ni wa zamani mno. Mwaka 2019 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbegu za zabibu zilizofukuliwa katika maeneo ya kale ya Ufaransa. Mbegu moja kutoka Orléans, yenye umri wa miaka 900 hivi, ililingana na Savagnin ya leo bila tofauti. Mmea huo mmoja umekuwa ukikatwa na kupandwa upya tangu kabla Husuni Kubwa haijajengwa Kilwa. Una pia mtoto mmoja ambaye wewe umemwona tangu utotoni. Nitamtaja nikifika Hombolo.

Sasa twende Alsace, kwa sababu chupa iliyokuletea balaa ilitoka huko, na huko ndiko zabibu hii ilikojenga jina. Ni ukanda mwembamba mashariki mwa Ufaransa, kati ya milima ya Vosges na mto Rhine. Mawingu yanayotoka magharibi humwaga mvua yake upande wa pili wa milima, na mji wa Colmar, ulio katikati ya mashamba, ni miongoni mwa miji yenye mvua chache zaidi Ufaransa. Kwa hiyo majira ya mavuno huwa marefu, makavu, yenye jua la mchana na baridi ya usiku. Gewürztraminer inapenda hasa udongo mzito wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa, unaotunza unyevu. Kuna miteremko 51 iliyopewa daraja la juu liitwalo Grand Cru, na zabibu hii ni moja kati ya nne zinazokubalika huko kwa kawaida, pamoja na Riesling, Pinot Gris na Muscat. Ukiona kwenye lebo Hengst, Sporen, Goldert au Kessler, hayo ni majina ya miteremko, na kwa Gewürztraminer ni majina ya kuheshimiwa.

Mkulima wa zabibu hii ana usiku mwingi wa kukosa usingizi. Machipukizi hutoka mapema, jalidi ya mwisho wa baridi ikija huyakuta wazi. Maua yake huanguka kwa urahisi hali ya hewa ikiyumba, na vichala vinabaki vidogo. Halafu wakati wa kuvuna kuna mtihani ambao zabibu chache zinao kwa ukali huo: sukari inapanda haraka, asidi inashuka haraka, lakini harufu inachelewa. Akivuna mapema, asidi ipo na waridi halipo, kisha maganda mabichi yanaleta uchungu mbaya wa kijani. Akisubiri, waridi linakuja huku asidi ikiyeyuka siku hadi siku na sukari inazidi kujaa. Wengi husubiri, nami naona wanafanya sawa. Matokeo ndiyo yale uliyoyamimina: mvinyo wenye kilevi cha asilimia 13 hadi 14 na zaidi, mzito mdomoni kana kwamba una mafuta, asidi ndogo, rangi ya dhahabu iliyokolea yenye kung'aa shaba kidogo kwa sababu ya maganda ya pinki.

Je, ni mkavu au mtamu? Hili ndilo ungepaswa kuwa umefundishwa kabla ya kukabidhiwa ufunguo wa chupa. Gewürztraminer yaweza kuwa kavu kabisa, yaweza kuwa na utamu mdogo, yaweza kuwa tamu ya kunywewa baada ya chakula, na kwa miaka mingi lebo za Alsace hazikusema ni ipi. Wateja walilalamika sana. Kuanzia mavuno ya 2021, mvinyo mweupe wa Alsace unatakiwa kuonyesha kiwango cha utamu kwenye lebo. Ukisoma sec, ni kavu. Demi-sec ina utamu kidogo. Moelleux ni tamu kiasi cha kuonekana wazi. Doux ni tamu kweli kweli. Kisha kuna maneno mawili ambayo masharti yake yaliwekwa rasmi mwaka 1984: Vendanges Tardives, yaani zabibu zilizoachwa shambani hadi zikazidi kuiva, na Sélection de Grains Nobles, ambapo huchaguliwa punje zilizoshikwa na kuvu wa Botrytis, anayekausha maji na kuacha sukari imekolea. Hizo ni za bei ya juu, na huwezi kuziuza kwa mtu anayetaka kitu cha kushushia samaki wa kukaanga.

Kwa chupa za kabla ya 2021, tazama kiwango cha kilevi. Zabibu hii huvunwa ikiwa na sukari nyingi. Kama chupa inaonyesha asilimia 14, huenda sukari karibu yote imegeuka kilevi. Kama ni 12, kuna uwezekano mkubwa kwamba imebaki sukari. Hiki ni kidokezo tu, lakini mezani kinasaidia. Jambo jingine dogo: Alsace huandika jina bila zile nukta mbili juu ya herufi u, Ujerumani na Italia huziweka, zabibu ni ile ile. Zamani Alsace ilikuwa na chupa za Traminer na za Gewurztraminer pembeni kwa pembeni; tangu 1973 limebaki jina la pili. Kulitamka, sema "gevyuats-tramina", haraka, mgeni atakuelewa.

Ulichotakiwa kusema mezani kabla hujang'oa kizibo ni sentensi mbili tu: "Mvinyo huu unanukia waridi na lichi, lakini ni mkavu na una ukakasi kidogo mwishoni. Ungependa huu, au nikuletee wenye utamu?" Ukisema hivyo na mgeni akakubali, lawama haiji kwako.

Tuje kwenye kuharibika. Kwa Gewürztraminer usihukumu kwa rangi, maana dhahabu iliyokolea ni ya kawaida kwake na wahudumu wengi huidhania uzee. Hukumu kwa pua. Kizibo kikiwa kimeambukiza mvinyo, utapata harufu ya boksi lililolowa au ya nguo zilizofungiwa kabatini zikiwa mbichi. Katika zabibu yenye harufu kali hivi dalili ya kwanza ni kwamba waridi limezimika, unanusa na hakuna kitu. Hewa ikiwa imeingia, unapata tofaa lililopondeka na karanga zilizokaa, na rangi inakuwa kahawia isiyong'aa. Hatari kubwa zaidi kwetu pwani ni joto. Chupa ikishinda kwenye kontena au stoo isiyo na ubaridi, mvinyo hutanuka na kukisukuma kizibo juu. Kabla ya kufungua, pitisha kidole juu ya mdomo wa chupa. Kama kizibo kimevimba au pembeni kuna unatonata, ripoti kwa msimamizi kabla chupa haijafika kwa mgeni. Vijiwe vyeupe vinavyofanana na chumvi chini ya chupa havina madhara, ni asidi ya zabibu iliyoganda kwa baridi. Uchungu pekee, pua ikiwa bado imejaa waridi, si kuharibika.

Nina shaka kubwa pia na friji yenu. Friji ya baa huwa kwenye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Kwa baridi hiyo terpini hazipandi vizuri kutoka kwenye glasi, huku ukakasi na uchungu vikijitokeza zaidi. Mgeni alinusa harufu kwa sababu zabibu hii ina nguvu hata ikionewa, lakini mdomoni alipokea upande mbaya tu. Iandae kwenye nyuzi 10 hadi 12. Kwa Zanzibar, itoe kwenye friji dakika 15 au 20 kabla ya kumimina, usiizamishe kwenye ndoo ya barafu, na uitie kwenye glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Jaza robo tu. Iliyobaki, ifungwe vizuri irudi kwenye baridi. Siku mbili tatu bado itakuwa nzuri. Na usiruhusu hoteli iweke akiba ya chupa za kawaida kwa miaka kumi. Nyingi hupendeza zikiwa changa. Zile za miteremko mikubwa na zile tamu ndizo zinazovumilia umri.

Upande wa chakula, nadhani hoteli za pwani zina bahati ambayo hazijaitumia. Kule Alsace huinywa na jibini ya Munster, yenye harufu kali sana, mara nyingi wakiinyunyizia bizari nyembamba. Bizari hiyo hiyo iko kwenye pilau yenu. Pilau ya ng'ombe yenye mdalasini, iliki na karafuu, biriani yenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vitamu, kuku wa kupaka kwenye tui zito lenye tangawizi: hapo Gewürztraminer inakaa vizuri kuliko mvinyo mweupe mwingi, kwa sababu harufu yake haimezwi na viungo na unene wake unalingana na tui. Pilipili ni habari nyingine. Kilevi kingi huongeza moto wa pilipili, kwa hiyo chakula kikiwa kikali mpe mgeni demi-sec, utamu mdogo utaupoza. Kachumbari iliyojaa ndimu ni adui yake. Asidi ya ndimu inaufanya mvinyo wenye asidi ndogo uonekane umelala. Urojo kwa sababu hiyo hiyo sikushauri. Na usimpe mtu mvinyo mkavu pamoja na halua au kaimati, hata kama harufu zinafanana. Kitu kitamu kuliko mvinyo huuvua mvinyo utamu wote uliokuwa nao, unabaki uchungu mtupu. Hapo ni Vendanges Tardives au kahawa.

Kama bei ya Alsace inawatisha wageni, mwombe mnunuzi wenu atafute za Afrika Kusini. Mvinyo wa huko ndio uliojaa kwenye rafu zetu, na ingawa Gewürztraminer wanaipanda kidogo tu, ipo, hasa inayotoka sehemu za baridi kama Elgin, kusini-mashariki mwa Cape Town.

Sasa Hombolo. Nimelisoma swali lako kuhusu shamba la mama kwa makini, na jibu langu ni kwamba asiipande. Kuota ingeota. Lakini mzabibu huu umezoea kulala majira ya baridi na kuivisha matunda yake polepole siku zikiwa zinapoa. Dodoma haulali. Mkulima anauamsha kwa kupogoa na anapata mavuno mawili kwa mwaka, na zabibu huiva kwenye jua kali. Zabibu ambayo hata Alsace inapoteza asidi upesi, kwenu ingeipoteza kabla waridi halijafika, na mama angevuna sukari na uchungu. Kisha kuna hesabu ya mfukoni. Anauza kwa kilo, na vichala hivi vidogo vingempa kilo chache kuliko anazopata sasa, wakati kiwanda hakina bei maalumu ya harufu. Na tafadhali, mtu yeyote asikuletee vipandikizi kwenye begi kutoka Ulaya au Afrika Kusini. Mizabibu hubeba virusi ambavyo huvioni kwa macho, na shamba la jirani ndilo litakaloumia. Mwenye hamu ya aina mpya aanzie kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI Makutupora, kiko karibu na nyumbani.

Na yule mtoto niliyemwahidi ni Chenin Blanc, zabibu nyeupe inayolimwa Dodoma. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba Savagnin na Chenin ni mzazi na mwana. Chenin hakurithi waridi. Gewürztraminer iliupata wingi wa harufu kwa badiliko lake yenyewe. Alichonacho ni asidi inayostahimili joto, na ndiyo sababu ametulia Dodoma na Afrika Kusini ambako ndugu yake mwenye harufu angehangaika. Harufu yake ni ya chini, ya tofaa, pera na asali, na inapotea kirahisi sana ikitendewa vibaya. Mama avune alfajiri, jua halijapanda. Kreti zikae kivulini na zifike kwenye kukamuliwa siku hiyo hiyo, maana zabibu zikishinda juani zinaanza kuchachuka zenyewe na harufu yote inaishia njiani. Mwenye kiwanda akiukamua mchuzi upesi, akauchachusha kwenye nyuzi 12 hadi 16 na kuuzuia usikutane na hewa, atapata mvinyo mweupe safi wenye uchangamfu ambao Gewürztraminer haitakuwa nao kamwe.

Huo ndio wa kumletea mgeni wa juzi akirudi, pamoja na pweza wa kukaanga na ile kachumbari ya ndimu. Gewürztraminer mwekee usiku wa biriani, umwambie mapema kama ni kavu au ni tamu, na chupa iwe imetoka kwenye friji robo saa kabla.